Wakiachana, Desemba inabaki na nani?

Wiki moja kabla ya Krismasi nilituma jumbe mbili, na zote mbili zilikuwa za uongo.

Ya kwanza ilienda kwa dada mmoja ambaye tumejuana tangu kidato cha kwanza: "Mwaka huu tunaanza mapema, saa tatu asubuhi. Wengi wataondoka mchana." Ya pili nikamtumia aliyekuwa mume wake, ambaye pia ni rafiki yangu wa toka shuleni: "Bro, mwaka huu tunaanza jioni, jua likipoa. Saa kumi hivi."

Nilijiona mjanja sana. Nikaweka simu chini, nikajiambia tatizo limeisha.

Majina yao siyaweki hapa. Dada nitamwita Fundi, kwa sababu alianza kukanyaga cherehani kabla hata hatujamaliza shule. Jamaa nitamwita Weita, kazi yake ya kwanza. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp linaloitwa 26/12, na hiyo ndiyo sababu mzigo huu uliniangukia.

Kundi lenyewe lilianza bila mpango. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa KCSE Novemba 2015 na matokeo yalikuwa bado. Tarehe 26 Desemba ikawa Jumamosi, hakuna wa kazi wala wa kanisa. Mmoja akasema twendeni baharini, mwingine akasema tuchange mia tatu mia tatu, tukajikuta watu kumi na mmoja ufuoni Malindi, upande ule wa Mnara wa Vasco da Gama, tukiwa na kilo nne za mchele na sufuria ya kuazima. Watalii huja pale kupiga picha kwa sababu Mreno alipita mwaka 1498. Sisi huja kwa sababu kuna upepo. Mwezi ulikuwa umetoka kuwa mpevu, bahari ilikuwa ya bamvua, na jioni maji yakapanda mpaka yakaja kutuzimia jiko. Pilau ikawa nusu imeungua, nusu mbichi. Tukaila yote.

Mwaka uliofuata mtu akauliza kwenye kundi, "26 tunakutana wapi?" Hakuna aliyeuliza kama tunakutana. Basi ikawa hivyo. Watamu 2016, Bofa pale Kilifi 2017, na kuendelea. Wengine walienda Nairobi, wengine Mombasa, mmoja yuko Doha na huja mwaka mmoja ndani ya mitatu. Desemba nauli ya kuja huku hupanda mpaka unafikiria kulala stejini, lakini watu huja. Ilipoanza treni ya SGR mwaka 2017 wale wa Nairobi walifurahi, kisha wakagundua tikiti za Desemba zinaisha kabla hujajua likizo yako ni lini, na kwamba treni inakuacha Miritini, Malindi bado iko mbali huko.

Sasa, kuhusu Fundi na Weita. Ukikutana na watu siku moja kwa mwaka unaona mambo ambayo wenyewe hawayaoni, kwa sababu wao wanaishi nayo kila siku. Mimi nilikuja kugundua kwamba historia yao yote naweza kuisimulia kwa jinsi walivyokuwa wakiitana.

2015 waliitana kwa majina ya shuleni, wakigombana nani aliyemwaga mafuta. 2016 kule Watamu Weita alimtambulisha kwa mgeni mmoja, "huyu ni rafiki yangu tu", na sote tukageuka kutazama bahari ili tusicheke. 2017 ikawa "beb". Mwaka 2019 mtoto alikuwa na miezi mitano, na ghafla hakuna beb tena, ikawa "Mama Mtoto, lete maji" na "Baba Mtoto, shika huyu." Hiyo si mbaya, wazazi wetu pia waliitana hivyo na wengine wamezeeka pamoja. Ila 2020 nikasikia "huyo". "Muulize huyo." 2023 Weita alitwambia, "Mwenzenu amechoka, anataka kwenda." Mwenzenu! Si mwenzangu.

Nimeruka 2018, na si kwa bahati mbaya. Mwaka huo sikwenda. Nilikuwa nimeacha chuo mwezi wa tisa. Watu nimewaambia ni karo, na karo kweli ilinishinda, lakini tuseme ukweli masomo pia yalikuwa yamenishinda. Niliogopa swali moja tu: "Uko mwaka wa ngapi sasa?" Nikadanganya kwenye kundi kwamba nimepata kazi Nairobi na sitapewa ruhusa. Nilikuwa Muyeye, kwetu, nimejifungia chumbani na kusikiliza redio.

Saa mbili usiku simu ikalia. Fundi. "Tumekuwekea sahani. Iko hapa kwa mamangu, Barani. Uje ule au nimpe paka."

"Niko Nairobi," nikasema.

"Muyeye mpaka hapa ni dakika kumi na tuktuk," akasema, akakata.

Nikaenda. Weita ndiye aliyenifungulia mlango. Sahani ilikuwa imefunikwa kwa sahani nyingine, pilau na kachumbari pembeni, na kipande cha nyama kikubwa kuliko vile ningestahili. Hawakuniuliza kitu kuhusu chuo. Walinisimulia nani alianguka kwenye mwamba, nani alikuja na mpenzi mpya asiyekula samaki. Nililala kwenye kochi lao. Ikiwa utajiuliza baadaye kwa nini zile jumbe mbili zinaniuma, kumbuka hiyo sahani.

Kuna mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford anaitwa Robin Dunbar. Mwaka 2010 alitangaza utafiti unaosema kwamba mtu akiingia kwenye mapenzi, kwa wastani hupoteza marafiki wawili wa karibu, kwa sababu muda ni ule ule na moyo una nafasi chache. Niliposoma hiyo nikafikiria genge letu. Kuna waliopotea hivyo, kweli. Mmoja alioa Voi na tangu hapo tunamwona kwenye stetasi tu. Lakini kwa Fundi na Weita mambo yalikuwa tofauti: mapenzi yao yalizaliwa ndani ya kundi, hivyo hawakupotea. Tatizo letu lilikuwa kinyume, hatukujua kwamba siku wakiachana, hakuna upande ambao ni "wetu" na upande ambao ni "wa nje".

Mwingine, Jeffrey Hall wa Kansas, Marekani, mwaka 2018 alikadiria kwamba inachukua zaidi ya saa 200 za kukaa pamoja mtu awe rafiki yako wa karibu. Nilipiga hesabu. Siku moja kwa mwaka, saa kumi, ni miaka 20. Sisi tulikuwa tumelipa deni hilo mapema, kwenye madawati ya shule ya kutwa. Desemba tulikuwa tunakula faida tu. Na faida huisha usipoongeza mtaji.

Turudi Bofa, 2017, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo ambalo nimelifikiria sana mwezi huu. Ilikuwa jioni. Usiku wa giza pale Kilifi ukichota maji ya kriki mkononi yanametameta kama yana cheche, na sisi tulikuwa tunasubiri giza liingie twende upande huo tukaone. Weita akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Akasema, "Kuanzia mwezi ujao mimi na huyu tunakaa pamoja. Anayepinga aseme sasa au afunge domo lake."

Tulipiga vigelegele mpaka wavuvi wakageuka. Papo hapo tukachanga, na wiki hiyo hiyo tukawanunulia sufuria sokoni Malindi. Ile kubwa, ya kupika kilo kumi, ambayo ukiiweka kwenye tuktuk abiria mmoja anashuka. Tulitania kwamba hiyo ndiyo mahari. Kila mwaka tangu hapo pilau ya 26 imepikwa ndani ya sufuria hiyo.

Tulidhani ni utani. Lakini fikiria vizuri. Kwao Weita ni Wagiriama, na kijana wa Kigiriama anayetaka mke hutuma wazee, na wazee hawaendi mikono mitupu, kuna kadzama ya mnazi, kuna mazungumzo, kuna mahari, kuna watu wa pande zote mbili waliokaa chini wakaonana uso kwa uso. Babake Fundi alisubiri hao wazee. Kila mwaka Weita alisema mwaka ujao, hoteli ikinipa kazi ya kudumu, mwaka ujao. Hakuwa mwongo. Mwaka ujao ulikuwa haufiki tu.

Mwenzetu mwingine, wa Shela, aliolewa 2019. Yeye alikuwa na posa, nikahi, na somo aliyemfunda kabla ya harusi. Hadi leo wakigombana, mumewe anajua kuna mama mmoja Kibokoni atakayempigia simu na kumwita "mwanangu" kwa sauti ile ambayo huwezi kuijibu. Na ikishindikana kabisa, kuna Kadhi pale Malindi, kuna utaratibu wa talaka, kuna eda, kuna muda wa watu kupoa na kufikiri.

Serikali nayo ina orodha yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Njoo-tukae haimo. Mahakama wakati mwingine huwahesabu watu waliokaa pamoja miaka mingi kuwa mume na mke, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hilo lifanywe kwa nadra sana, na kwa masharti magumu. Kwa hiyo wewe na mimi na nusu ya vijana wa Kibaoni na Maweni tunaoishi njoo-tukae, ndoa yetu ina nani? Fundi na Weita hawakuwa na mzee, hawakuwa na somo, hawakuwa na cheti. Walikuwa na watu kumi na mmoja na sufuria.

Sisi ndio tuliokuwa wazee wao. Tulikuwa na miaka 20, tukiwa na mchanga kwenye nywele, lakini ni sisi.

Kisha ikaja 2020. Nyote mnakumbuka. Aprili 8 saa moja jioni Kilifi, Mombasa na Kwale zikafungwa, huingii wala hutoki, Kilifi na Kwale mpaka Juni 7, Mombasa mpaka Julai 7. Watalii wakaisha. Hoteli ya Watamu aliyokuwa akifanya kazi Weita ikafunga milango, na ilipofungua haikumwita. Fundi akashona barakoa usiku na mchana, na Weita akawa anazitembeza stejini na sokoni. Nilimkuta siku moja pale Malindi akiwa na kamba ya barakoa shingoni, mama mmoja akamwita, "Wewe mume wa Fundi, nipe mbili." Akacheka. Mimi nilimjua vizuri, hicho hakikuwa kicheko.

Desemba hiyo tulikutana nyumbani Barani, si baharini. Kafyu ilikuwa saa nne usiku, kwa hiyo saa mbili tulikuwa tushaosha vyombo. Weita hakuongea karibu siku nzima. Tukasema ni korona, kila mtu yuko hivyo.

Septemba 2021 Fundi akaenda Saudi. Kadama, kama wanavyowaita. Mkataba wa miaka miwili, riali 1,000 kwa mwezi, kama Sh29,000 wakati huo, pesa ambayo hakuna cherehani ya Malindi ingemlipa bila kukatika. Mtoto akabaki na bibi yake na babake. Tarehe 26 tuliegemeza simu kwenye jagi la juisi, tukapiga video, akatuona tukila. Alikuwa jikoni kwa watu, akiongea kwa kunong'ona. Mtoto akabusu skrini, ikapata mafuta ya pilau. Mwaka huo nikaona Weita anamwonyesha kila kitu, anazunguka na simu, "ona bahari, ona huyu amenenepa." 2022 simu ilipopigwa aliipokea, akasalimia, akanipa mimi. "Ongea nao," akamwambia. Akaenda kuchukua madafu. Alikaa huko mpaka simu ikakatika.

Yaliyotokea katikati sitayaandika kwa sababu nina hadithi mbili na zote mbili zinalia. Pesa zilitumwa. Pikipiki ilinunuliwa. Pikipiki ikapata ajali. Ukimuuliza yeye, alikuwa anajaribu kufanya kazi asiitwe mume wa Fundi. Ukimuuliza yeye mwingine, alikuwa anadeki nyumba za watu saa kumi na sita kwa siku na akirudi chumbani hakuna anayemuuliza umekula nini, anaulizwa umetuma lini. Mimi nawaamini wote wawili, na hiyo ndiyo shida ya kuwa rafiki wa pande mbili.

Alirudi Oktoba 2023. Desemba tulikuwa Vuma, kule kwenye majabali karibu na Takaungu, ambako siku hizi kila mtu huenda kupiga picha akiwa amesimama ukingoni kama hataki kuona mwaka mpya. Fundi ndiye aliyepakua, kama kawaida. Alipakulia watu wote, akafika kwa Weita, akaruka, akaendelea na anayefuata. Hakutukana, hakununa. Aliruka tu, kama vile mahali pale hapana mtu. Dada mmoja akachukua sahani akampakulia Weita haraka haraka.

Sote tuliona. Unajua tulifanya nini? Tulicheza karata.

Hapo ndipo ninapotulaumu, nikianza na mimi. Ndoa yenye wazee, mambo yakifika hapo wazee huitwa. Wanaweza kushindwa, mara nyingi hushindwa, na wengine hutoa ushauri wa kipuuzi kabisa wa "mwanamke vumilia". Lakini huitwa. Watu hukaa kwenye mkeka wakasikiliza kila upande mpaka mwisho. Sisi tulikuwa na mkeka, tulikuwa na siku nzima, tukasema haituhusu, ni mambo ya watu wawili. Haituhusu vipi na sisi ndio tuliopiga vigelegele?

Wasidhani wenye mapenzi mapya kwamba nawatisha. Kuna wawili kwenye kundi tuliodhani hawatafika Februari 2018, leo wana watoto wawili na duka Mtwapa. Wao hugombana mbele yetu, kwa sauti, kuhusu chumvi, kuhusu mama mkwe, kuhusu nani ana ufunguo. Zamani walikuwa wananichosha. Siku hizi nikiwasikia wakibishana naona raha, angalau tunajua kinachoendelea.

Fundi na Weita waliachana karibu na Pasaka mwaka jana. Mwezi wa tano Weita akajitoa kwenye kundi, ile "ameondoka" ya kijivu, bila neno. Nikamrudisha, akatoka tena. Mwezi wa kumi na moja ikabidi tuulizane. Wanaume wawili wakafungua kundi la pembeni. Mmoja akasema Weita ni wetu zaidi, tumecheza naye mpira. Dada mmoja akasema Fundi ndiye aliyetulisha miaka yote hii. Mwingine, huyu ana roho ya duka, akasema aje mwenye sufuria. Kuna aliyependekeza tusikutane kabisa mwaka huu. Miaka tisa, halafu tusikutane! Nikasema niachieni mimi, nitapanga.

Hapo ndipo nikatuma zile jumbe mbili.

Tulikuwa Mayungu, kati ya Malindi na Watamu, pale ambapo maji yakipwa mchanga mweupe hutokea katikati ya bahari na Waitaliano wakapaita Sardegna 2. Sisi tunapaita Mayungu. Saa tatu kamili tuktuk ikafika, Fundi akashuka na mtoto, miaka mitano sasa, na sufuria nyuma imefungwa kwa kamba. Tulikuwa watu wanne tu. Maji yalikuwa yanajaa.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

"Wako njiani, shem." Neno likanitoka kabla sijalifikiria. Nimemwita shem miaka saba kwa utani, na siku hiyo likasimama hewani, sikujua niliweke wapi.

Yeye akaanza kukata vitunguu. Saa sita watu wakaanza kuingia wakiwa na vitu vya jioni, mishikaki bado imo kwenye viungo, makaa hayajafunguliwa. Kila aliyefika alimkuta Fundi, akanitazama mimi. Jua kali, jasho linanitoka ambalo si la jua. Nilikuwa napiga hesabu: akile saa saba, nimtafutie tuktuk saa tisa.

Mtoto akaja, miguu imejaa mchanga. "Mama, Baba anakuja saa kumi, si ndiyo?"

"Ndiyo, saa kumi," Fundi akasema, bila kuinua kichwa.

Nikakaa chini. Yeye akafuta mikono kwa leso, akatoa simu, akanionyesha. Ulikuwa ujumbe wangu kwa Weita. *Bro, mwaka huu tunaanza jioni.* Weita alimfowadia siku ile ile, dakika chache baada ya mimi kuutuma, na chini yake akaandika: "Wewe amekuambia saa ngapi?"

"Tuna mtoto," Fundi akasema. "Tunaongea kila siku, ndugu yangu. Karo, viatu, homa. Kwani ulidhani tunaishi vipi?"

Sikuwa na la kusema.

"Umenipangia zamu kama kliniki. Nimekuja saa tatu hiyo hiyo uliyonipa, nikangoja uniambie mwenyewe. Saa sita zimefika, bado unaniangalia kama mwizi." Akarudi kwenye vitunguu. "Mimi niliachana na yule. Nyinyi sikuachana nanyi. Ni nyinyi mnaniacha."

Nilimwomba msamaha. Akasema koroga pilau isishike chini.

Weita alifika saa kumi na dakika kumi, kwa miguu kutoka barabarani, amebeba mkungu mdogo wa madafu. Walisalimiana kama watu wanaosalimiana benki. Mtoto alimrukia. Kisha akaja akakaa karibu nami chini ya mivinje na kwa muda mrefu hatukuongea. "Ungeniuliza tu," akasema mwishowe. "Ningekwambia haina noma." Nikamuuliza kwa nini alijitoa kwenye kundi basi. Akasema alijitoa kwa sababu Pasaka nzima hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu, na hakutaka kuona tukitumiana vichekesho kila asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ni kweli. Hakuna aliyempigia. Wala yeye, wala Fundi. Tulikuwa tunaogopa kuonekana tumechagua upande, tukawaacha wote wawili.

Sitaki mdhani jioni ilikuwa ya sinema. Ilikuwa ngumu. Kuna wawili waliondoka mapema bila kuaga. Dada mmoja hakumsalimia Weita kabisa, na ana sababu zake. Maji yalianza kupwa, watoto wakaenda kucheza kwenye mchanga, na watu wazima wakakaa mikeka miwili, kisha mikeka ikasogezwa kwa sababu ya moshi ikawa mmoja. Fundi alisema anaweza kurudi Saudi mwaka huu, bado anafikiria, au afungue duka la kushona Kibaoni. Weita anaendesha tuktuk ya mtu. Kisha akasema jambo ambalo lilinyamazisha mkeka mzima: kuna mtu, wako pamoja tangu Agosti, na angependa mwaka ujao aje naye. Aliuliza kwa adabu. Alikuwa anamtazama Fundi, lakini alikuwa anatuuliza sisi.

Hakuna aliyejibu. Mimi nilitaka kusema kitu cha admini nikaona ninyamaze, nimepanga vya kutosha mwaka huu.

Fundi alikuwa anapakua. Alimpakulia kila mtu, akafika kwa Weita, akampakulia. Hakujaza, hakupunguza. Weita akala. Wakati wa kuondoka akasimama karibu na sufuria, akikuna kichwa, akauliza kama kimebaki, angependa kubeba kidogo. Hakusema anambebea nani na sote tulijua.

Fundi akachukua sahani ya udongo, zile nzuri alizotoka nazo kwa mamake, akaweka pilau, akafunika kwa sahani nyingine, akafunga kwa kitambaa.

"Chukua," akasema. "Lakini sahani zangu zirudi."

Sufuria aliniachia mimi, haikutosha kwenye bodaboda aliyorudi nayo na mtoto amelala. Iko hapa Muyeye, nyuma ya mlango, bado ina ukoko ambao nimeshindwa kuutoa. Weita amerudi kwenye kundi, ingawa haandiki kitu. Juzi Fundi aliandika mstari mmoja, akamtaja kwa namba yake mbele ya watu wote: "Sahani?"

Tiki ni za buluu. Mpaka naandika haya, hazijarudi.